Bei Moja, Hakuna Matabishi

Jumanne, mjini Baraka. Mvua ya ziwani tangu alfajiri, matope mpaka kwenye vifundo vya miguu.

Shajara, leo niandike kwa kalamu nene: mimi ni mtu wa bahati. Kuna wanaozaliwa na meno, mimi nilizaliwa na wateja. Asubuhi hii kibanda changu cha interneti kilijaa mpaka mlangoni, bega kwa bega, bamama na mabeseni yao, bamotari wa pikipiki na makoti yao, mpaka mimi mwenye nyumba nikakosa pa kukaa. Nani mwingine Baraka nzima anaweza kusema hivyo?

Basi mbona nimekasirika?

Nimekasirika kwa sababu ya Mama Wilondja, mjane wa ng'ambo ya barabara, aliyekuwa akiuza unga na mawese. Mimi ndiye wa kwanza mtaani kuweka sahani ya interneti juu ya bati. Mimi! Yeye alikuja, akatazama, akanipongeza kwa mikono miwili, na baada ya muda naona sahani imeota juu ya bati lake kama uyoga. Nikacheka. Mtu kama mimi, aliyefika Bujumbura, Kigoma, na Dar es Salaam mpaka bandarini, atashindana na mama wa mawese?

Saa moja kwake ni franka mia nane. Mimi nikaweka mia tano. Na kwenye kartoni nikaandika kwa rangi nyekundu, kwa mtindo nilioona katika duka moja kubwa kule Dar: BEI MOJA. HAKUNA MATABISHI. Maana mtu wa hapa, hata akinunua ndagala, vidagaa vya ziwani, vya kikombe kimoja, haondoki mpaka muuzaji adondoshe kiganja kingine juu. Hayo ndiyo matabishi, na mimi nilisema ndiyo yanayotufilisi. Na kwa kuwa moyo wangu ni laini kama ugali wa muhogo, nilimwomba fundi wa Uvira atengeneze mashine ikate yenyewe saa ikiisha. Mashine haina shemeji.

Bei ya chini, saa kamili, hakuna kubembelezana. Niliona hata wazungu wangekuja kujifunza kwangu.

Watu wakaenda kwa Mama Wilondja.

Juzi nilimkamata Alimasi, motari anayeazima pampu yangu ya matairi kila siku, akitoka kule.

"We Alimasi, kule unalipa zaidi. Kichwa iko sawa?"

"Kaka, kwako bei iko muzuri sana. Lakini kwako hakuna mutu anaongezaka."

"Yeye anakuongeza nini?"

"Dakika kumi. Na anauliza mama yangu anaendelea aje."

Dakika kumi! Niliacha shule mwaka wa pili wa sekondari, lakini hesabu hiyo naiweza: mia nane kwa dakika sabini ni ghali kuliko mia tano kwa sitini. Nilimchorea kwenye matope kwa kijiti. Akatikisa kichwa, akasema kweli kaka umesoma, akawasha pikipiki. Na pampu akaondoka nayo.

Mke wangu, Mama Riziki, yeye hachori. Amesema sahani isipojilipia mwisho wa mwezi huu, anaiuza na kuweka friza ya samaki. Mama Riziki hasemi kitu mara mbili. Friza! Mimi, mtu wa interneti, ninuke samaki mpaka kanisani.

Sasa leo. Ndani ya ule umati alikuwemo mama mmoja mzee wa kijiji cha Lweba, kitenge kimelowa. Akanunua tiketi ya saa moja, akampigia binti yake wa Lubumbashi kwa video. Binti amejifungua. Wakapeana salamu za ukoo mzima, wakalia kidogo, wakaomba, na sala yenyewe haikuwa fupi. Mwishowe binti akasema, "Ngoja mama, nikuonyeshe mutoto." Simu ikaanza kugeuka. Tukaona ukingo wa blanketi ya njano.

Mashine ikakata.

Kibanda kizima kikanigeukia. Mama akaniuliza polepole, "Baba, huwezi kuongeza kidogo tu, nione sura?"

Shajara, ningeongeza! Ningeongeza mpaka jioni! Lakini sijui kuongeza. Fundi alinionyesha kukata tu. Nikabonyeza hapa, nikabonyeza pale, jasho likinitoka, na huko nyuma mama mmoja akaanza kuisoma kartoni yangu kwa sauti, neno kwa neno, kama anasoma somo la misa. Watu wakacheka mpaka mabeseni yakatikisika. Nilipofaulu kutoa tiketi mpya, ya bure, yule mama alikuwa ameshavuka barabara na mvua yake.

Nikamkimbilia, karatasi ikilowa mkononi. Nikamkuta kwenye benchi ya Mama Wilondja, simu mbele ya uso, anapiga vigelegele. Mama Wilondja akaniona mlangoni natiririka maji.

"Papa Riziki, ingia. Njoo uone mutoto. Hii ni matabishi yako."

Nikaona. Pua kubwa, nywele nyingi. Mzuri kabisa. Nilifurahi na nikakasirika kwa pamoja, sijui kama ugonjwa huo una dawa.

Niliporudi kibandani ndipo nilipoelewa. Nimeshusha bei mpaka sina cha kuongeza. Yeye ameiweka juu ili apate cha kugawa. Nani alimfundisha huyu mama? Hajafika hata Uvira!

Kesho nachana kartoni. Saa moja itakuwa mia nane, fundi atanionyesha kitufe cha kuongeza, na nitauliza hali za mama zao wote, kuanzia mama wa Alimasi. Siku zilizobaki kabla ya friza zitatosha? Sijui.

Na ule umati wa asubuhi, walikuwa wanajikinga mvua. Ilipokatika wakatoka wote. Leo nimeuza tiketi moja, na mwenye tiketi alikwenda kumalizia kwa jirani.

Bahati sina.