Mechi ya Wanaoaga

Timu ya Futiboli ya Kimarekani, Chuo cha Tolna, Dakota Kaskazini
Jumapili, 8 Septemba 1996

Bibi,

Shikamoo. Natumaini nyonga imetulia na paka hajambo. Mimi mzima, ila kidole gumba kimevimba kama soseji.

Jana tumeanza msimu, tukafungwa 34 kwa 3. Najua umesikia redioni, kwa hiyo sirefushi. Hizo pointi tatu ni mimi niliyemrushia mpira Boyd, anayeushika chini ili upigwe kwa mguu katikati ya nguzo, na ulimfika mikononi bila shida. Mtangazaji hakunitaja.

Huu ni mwaka wangu wa mwisho. Mechi ya kufunga msimu, tarehe 16 Novemba, tunaoaga tutaitwa mmoja mmoja, na kila mtu ataingia uwanjani ameshikana mikono na wazazi wake. Mama ameshasema hawezi kutoka Oregon, mume wake mpya ana shughuli. Baba hata sijui nimwandikie wapi. Aliyenilea ni wewe. Naomba tuingie wote.

Mjukuu wako,
Curtis

Wessing
15 Septemba

Mume wangu mdogo,

Marahaba. Nyonga inauma, na paka anakula kunizidi. Jana mmefungwa tena, 41 bila. Nilizima redio nikaenda kupiga deki, maana sakafu nikiisugua angalau inang'aa.

Sasa nisikilize. Marehemu babu yako, Orrin, aliifundisha timu hiyo miaka kumi na tisa, na wageni walikuwa wakishuka kwenye basi wanatetemeka. Siku hizi wanakuja na watoto na vikapu vya chakula, wamekuja kupunga upepo. Na huyo kocha wenu, Pruitt, anaongea redioni kama mchungaji msibani: eti vijana wamejituma, vijana wana moyo. Moyo hata kuku anao.

Na wewe, katika kazi zote za uwanjani, umechagua ya kuinama na kuwaonyesha watu makalio, urushe mpira nyuma kupitia katikati ya miguu, kisha ukanyagwe. Hiyo ndiyo kazi niliyokulea uje kuifanya?

Shindeni mechi moja. Moja tu, kombe siombi. Mkishinda nitavaa koti langu zuri na nitatembea nawe. Msiposhinda, sipiti mimi mbele ya watu wanaomkumbuka Orrin nikiwa nimeshikana mikono na kichekesho.

Bibi yako,
Verna

Tolna
13 Oktoba

Bibi,

Shikamoo. Pole na baridi. Nimekuandikia mara mbili hujajibu, nikadhani unaumwa, mpaka jirani yako Inga aliponiambia kwenye simu kwamba u mzima wa afya na unamsema kila mtu.

Mechi sita, vipigo sita. Kwenye kibanda cha kahawa wanafunzi wananiuliza, "Oya Curtis, Jumamosi mnafungwa saa ngapi? Tuje kabla ya kula au baada?" Na sisi wenyewe tunacheka. Boyd anasema, "Mimi nikishinda nitaumwa, mwili haujazoea." Phyllis, mpishi wa bwaloni, hutupakulia mara mbili kila tukifungwa. Basi kisia nilivyonenepa.

Bado zipo nne kabla ya ile ya kuaga. Usifute neno lako.

Mjukuu wako,
Curtis

Wessing
20 Oktoba

Curtis,

Marahaba. Sikujibu kwa sababu sikuwa na la kuandika ambalo posta wangekubali kulibeba.

Sasa ni saba. Jana mmetangulia kwa pointi kumi, na bado mkafungwa. Hiyo nayo inahitaji kipaji. Mwambie huyo Phyllis aache kuwalisha walioshindwa. Babu yako alikuwa akiwapa supu ya kabeji peke yake, na walishinda kwa kuichukia ile supu.

Neno langu silifuti. Nyinyi ndio mmelishindwa.

Bibi yako,
Verna

Tolna
Jumapili, 10 Novemba

Bibi,

Shikamoo. Najua umesikia. Nataka usikie na kwangu.

Tulikuwa tunaongoza 17 kwa 16. Wapinzani wetu, Garnet, wakarusha mpira wao wa mwisho, ukaanguka chini, na kila mtu akaona saa imeisha. Miaka yote timu nyingine zinaposhinda tunaona wachezaji wakimwagia kocha wao ndoo ya maji ya barafu, na sisi tunasimama pembeni tunatazama. Basi nikaishika ile ndoo. Boyd akashika upande wa pili, tukamlowesha Pruitt kuanzia kichwani, na timu nzima ikamiminika uwanjani.

Refa akasema saa haijaisha. Imebaki sekunde moja. Tukaadhibiwa yadi kumi na tano kwa kuingia uwanjani, Garnet wakasogea karibu, wakaupiga katikati ya nguzo. 19 kwa 17. Pruitt alikuwa anatetemeka, maji yanamchuruzika, anasema, "Si neno, vijana."

Wazo la ndoo lilikuwa langu, Bibi. Sikuwaza saa. Nilichowaza ni kwamba sasa utakuja.

Naomba uje hivyo hivyo.

Mjukuu wako,
Curtis

Wessing
12 Novemba

Curtis,

Nilikuwa nimeshatoa koti kabatini. Nimelirudisha.

Hata mtoto anajua hukati mbeleko mwana hajazaliwa. Nyinyi mmekata, mmeshona, mmealika watu, na mwana hamna. Kufungwa kwa udhaifu naweza kukuelewa. Lakini kushinda, halafu mkautupa ushindi wenyewe kwa ndoo, hapo sina la kusema, na unanijua si mtu wa kukosa la kusema. Mji mzima unacheka. Mwenye duka la mbolea kaniuliza kama familia yetu bado ina ndoo za kuuza.

Sitakuja kutembezwa kama ng'ombe wa maonyesho. Tafuta mtu mwingine.

Verna

Wessing
19 Novemba

Mjukuu wangu,

Hujambo? Mbona kimya? Hata matokeo sikuyapata, redio ilikuwa inakoroma. Nilitaka kubadili nia, lakini theluji ilifunga barabara tangu Ijumaa, na gari halikutoka gereji wiki nzima. Bila shaka mmefungwa. Ulitembea na nani? Isije ikawa yule Pruitt, ungelowa.

Andika.

Bibi yako,
Verna

Tolna
23 Novemba

Bibi,

Shikamoo. Tumefungwa 27 kwa 6.

Gari lako lilikuwa nyuma ya nguzo za upande wa kaskazini, kando ya lori la takataka, injini inanguruma, na kioo umekifuta kwa ndani. Buick ya kijani yenye mlango mmoja wa kahawia ni moja tu Dakota nzima.

Nilimwomba mtangazaji anisogeze mwisho. Wakaitwa wenzangu wote na wazazi wao, mtangazaji akabaki ananitazama mimi. Nikamwambia asubiri. Refa akaja, "Kijana, tuanze?" Boyd akaninong'oneza, "Unamngoja nani?" Nikamwambia, "Bibi anatafuta pa kuegesha."

Tulingoja mpaka watu wakaanza kupiga makofi ya kuchoka. Ndipo Phyllis akashuka jukwaani na aproni yake, akanishika mkono, tukaenda. Hakuniuliza kitu. Nilipogeuka kutazama, ulikuwa unatoka getini.

Nimeumia, Bibi. Kufungwa nimezoea, hili sijalizoea.

Alhamisi ijayo, Sikukuu ya Shukrani, nitakula kwa Phyllis. Amesema nikuambie nafasi yako ipo, na ataoka pai ya maboga. Ni saa saba mchana, nyumba ya pili baada ya kanisa. Ukija, Bibi, ushuke.

Mjukuu wako,
Curtis