Kupe wa Timu ya Magodoro

Jumapili, 4 Mei

Leo karakana yangu ya mabango ilijaa kuliko siku yoyote ya kazi. Iliyowaleta ni televisheni, si mimi. Kinyozi alifunga saluni. Mwalimu wa hesabu alikuja na daftari lake la sekunde. Dada wa Dawa aliacha duka lake la dawa na karatasi mlangoni: "Narudi sasa hivi." Karatasi hiyo nilimchapia mimi, ina miaka minne.

Sote ni mashabiki wa timu ya baiskeli ya magodoro. Kampuni ya magodoro ndiyo inayoidhamini, na jezi zina picha ya mto wa kulalia — tukishindwa, utani hauna mwisho. Meneja wake ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Basi naheshimiwa kidogo hapa mtaani, ingawa mimi mwenyewe nikipanda ngazi kumi napumua kama pampu iliyotoboka.

Kinyozi ni shabiki wa Umeme, mwendeshaji wa miaka ishirini na miwili. Dada wa Dawa ni wa Babu, ambaye ana thelathini na sita. Kwenye mchezo huu thelathini na sita ni babu. Mimi nina arobaini na tisa, kwa hiyo ni marehemu.

Kilomita thelathini za mwisho walikuwa mbele watu wanne: Umeme, Babu, na wawili wa timu nyingine. Umeme alikata upepo peke yake, mdomo wazi. Babu alikaa nyuma ya gurudumu lake, amekingwa, anaokoa nguvu. Hakutoka mbele hata mara moja. Na hao wawili ni timu moja! Zikabaki mita mia mbili, Babu akachomoka na kushinda. Umeme akatupa chupa yake chini, akalia mbele ya kamera.

Ndipo mdomo wangu, ambao mama alisahau kuufunika, ukasema: "Huyo si Babu. Huyo ni kupe. Kamnyonya ng'ombe mpaka mlangoni, kisha kaingia yeye."

Kinyozi alicheka mpaka akashika meza. Hata Dada wa Dawa alicheka, kwa kuibia. Nimerudi nyumbani nikitembea kama aliyeshinda mbio.

Jumanne, 6 Mei

Neno limetoka mbio kuliko Umeme. Asubuhi nimelisikia kwenye duka la mikate, kutoka kwa mtu nisiyemjua: "Ulimwona Kupe?" Nikanunua mkate wa pili kwa furaha tu.

Shemeji amehojiwa redioni. Amesema kila mwendeshaji aliamua mwenyewe barabarani, yeye huwaachia vijana wake uhuru.

Mwalimu hakupendezwa. Anasema meneja mwenye redio masikioni mwa waendeshaji, anayefuata nyuma kwa gari, kisha anajiita mtazamaji, huyo afukuzwe kwanza. Kinyozi anasema afukuzwe Kupe. Dada wa Dawa akaweka mikono kiunoni. Miaka kumi na minne, akasema, huyu mtu amewabebea wenzake chupa za maji. Siku moja kanywa yake, mnamtukana?

"Dada, wewe unauza dawa ya mgongo," Kinyozi akamwambia, "ndiyo maana unawapenda wazee."

"Na huyo Umeme wako akikatika, usije kwangu kuomba mshumaa."

Mimi nilikuwa nang'oa mabaki ya plastiki kwenye stika za duka la vioo. Nikang'oa na herufi moja nzima kwa kucheka.

Ijumaa, 9 Mei

Kinyozi kaleta picha kwenye simu. Wameandika KUPE kwa rangi nyeupe barabarani, pale mlimani timu inapofanyia mazoezi. Jambo la kwanza nililoliona, Mungu anisamehe, ni kwamba herufi ya P imelala na nafasi hazilingani. Fundi ni fundi.

Kisha akatueleza kilichotokea. Jana Babu alipita hapo, mtu akammwagia ndoo ya maji ya kufulia. Hakusimama. Alijipangusa uso kwa kiwiko, akaendelea kupanda.

Kinyozi alikuwa anacheka anapoeleza. Na mimi nilicheka. Kidogo. Kicheko cha kutomuudhi mteja. Nyumbani nimenawa mikono mara mbili, sijui kwa nini.

Jumapili, 11 Mei

Shemeji kaja kula kwetu. Naandika haraka kabla hasira haijapoa, maana najijua: hasira zangu hazikai, kama chai kwenye kikombe cha bati.

Alikuwa na furaha. Alinitania kama kawaida — tumbo langu, mashine yangu, televisheni yangu. Nami nikamtania kwamba timu yake hailali vizuri ingawa ina magodoro. Tukacheka. Kisha nikamuuliza kwa mzaha tu: kweli Babu aliamua peke yake siku ile?

Akanitazama kama mtu anayetazama kitoto. "Shemeji, nani kakwambia wale wanaamua?"

Akaeleza, huku anatafuna. Masikioni mwa Umeme alisema: vuta, kaa mbele ukate upepo, usigeuke, Babu atakuachia ushindi mwishoni. Masikioni mwa Babu alisema: usivute hata mita moja, kijana ameishiwa, malizia wewe. Babu akauliza mara mbili kama Umeme anajua. Akaambiwa anajua.

"Ningewaambia ukweli," akasema, "angevuta nani?"

Mke wangu alikuwa amesimama na bakuli. "Kaka, mbona redioni ulisema vingine?"

Hapo ndipo likaja la kunitapisha. Akasema wenye magodoro wanataka sura changa kwenye matangazo. Amekuwa akitafuta njia ya kumtoa Babu kabla ya mbio kubwa za mwaka, bila kelele, kwa sababu mji huu unampenda. Sasa haumpendi tena. Akanipiga begani, mkono una mafuta. "Na lile jina lenu la Kupe, sijui nani kalibuni, limenifanyia kazi ya mwaka mzima. Sasa nikimwacha, hakuna atakayelia."

Mke wangu aliondoa sahani yake. Ilikuwa bado na chakula.

"Dada, sijamaliza."

"Umemaliza."

Mimi? Mimi nilimsindikiza mpaka kwenye gari. Nilimfungulia mlango. Nilimwambia asalimie nyumbani. Kinyaa nilichonacho usiku huu hakina mtu mmoja, kimegawanyika kwa watu wawili, na mmoja wao ndiye anayeshika kalamu hii.

Jumatatu, 12 Mei

Nimemweleza mke wangu nani aliyelibuni jina. Hakushangaa. Anasema alijua tangu siku ya kwanza. Ujinga wenye vina huwa unatoka kwangu.

Jumapili hii mbio kubwa za mwaka zinapita hapa kwetu, mbele ya karakana. Babu alishatangaza tangu mwaka jana kwamba hizo ndizo za mwisho kwake. Amezaliwa mitaa mitatu kutoka hapa. Anataka apite mara moja mbele ya watu wake, kisha aitundike baiskeli. Hilo tu ndilo analodai duniani.

Jumatano, 14 Mei

Leo niliamua kusema. Nilijiandaa kama mtoto wa shule anayekariri shairi. Walikuwepo wote watatu, wanabishana kuhusu Jumapili: Umeme aanze kushambulia mlima wa kwanza au wa pili, na Kupe azomewe kwa filimbi au kwa kimya.

Nikafungua mdomo. Kilichotoka ni: "Huenda Babu aliamriwa."

Huenda! Neno la waoga. Mtu anayejua ukweli hasemi huenda.

Mwalimu akainua kalamu: ushahidi uko wapi? Nikasema ni hisia tu. Akasema hisia hazina desimali. Kinyozi akasema hata kama aliamriwa, kupe aliyetumwa ni kupe tu, damu ameinywa yeye.

"Halafu," akaongeza, "si wewe uliyempa jina? Leo umekuwa wakili wake?"

Dada wa Dawa ndiye aliyenimaliza. Nilitarajia ataniunga mkono, maana Babu ni mtu wake. Akasema taratibu kwamba yeye amechoka kumtetea. Wateja wanamzomea dukani. Jumapili atamshangilia Umeme kama wengine, yaishe.

Nilitazama zile nyuso. Watu wazuri. Kinyozi hunyoa wagonjwa bure. Mwalimu hufundisha watoto wa jirani jioni. Wamekaa kwenye viti vyangu wanapanga namna ya kumzomea mtu, kwa utulivu, kama watu wanaopanga foleni ya maji. Na neno wanalotumia ni langu.

Nikawasha mashine. Ina kelele, inasaidia.

Alhamisi, 15 Mei

Ujumbe wa Shemeji umeingia saa nne asubuhi. Kila mbio huniagiza stika za majina, zile ndogo zinazobandikwa kwenye bomba la juu la baiskeli ili fundi asichanganye. Nimezikata miaka sita sasa. Huwa nane.

Leo ameandika: "Shemeji, stika kama kawaida. Ziwe tayari Jumamosi mchana." Na majina chini yake.

Nilihesabu saba. Nikavua miwani, nikaifuta, nikahesabu tena. Saba. Nikasoma moja moja kwa kidole. Jina la Babu halipo.

Nikampigia Shemeji. Hakuona aibu. Anasema atamwambia Jumamosi jioni, baada ya timu kula. Akimwambia mapema atakimbilia redioni. Jumamosi jioni redio zimeshapanga vipindi. "Na wewe usiseme kitu, eti. Hili ni la familia."

La familia. Neno zuri namna hiyo, kafungia uozo ndani yake.

Nimemwambia mke wangu. Alikuwa anakunja nguo. "Wewe ulimpa jina," akasema bila kuinua kichwa, "basi mpe na habari."

"Ni kaka yako."

"Najua ni nani. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni."

Ijumaa, 16 Mei

Sikumpigia Babu. Sina namba yake. (Dada wa Dawa anayo. Niko naye ukuta kwa ukuta.)

Nilikuwa na kazi nyingi. Bango la duka la viatu, mita tatu. Limetoka vizuri sana. Najitia kinyaa.

Jumamosi, 17 Mei

Naandika nikiwa kaunta, saa tano asubuhi, kwa sababu mikono inataka kitu cha kufanya. Babu yuko hapa.

Nilisikia viatu kwanza, vile vya baiskeli vyenye chuma chini, vinagonga sakafu kama mbuzi kwenye bati. Nikainua kichwa, nikamwona mlangoni na kofia ya mazoezi mkononi. Ni mfupi kuliko kwenye televisheni. Ana mvi mbili tatu kidevuni. Akaniamkia vizuri, "Habari za kazi, kaka," akaomba radhi kwa kuingia na jasho.

Akasema amepitia kwa ombi dogo, kama haitanisumbua. Miaka yote stika yake huandikwa jina la ukoo tu. Kwa kuwa kesho ni mara ya mwisho, anaomba yote matatu: lake, la baba, la babu. Herufi kubwa kidogo. Mama yake atakaa pale kona, na macho yake siku hizi hayaoni vidogo.

Nikashika kalamu niandike. Nikagundua sijui jina lake la kwanza. Wiki mbili nimemtaja kila siku, na silijui. Akanitajia herufi moja moja, kwa subira.

"Mama amenisisitizia," akasema, na akacheka, kicheko cha mtu anayesaidia wengine wasione aibu. "Dukani siku hizi watoto wanamwamkia: shikamoo Mama Kupe. Anaitikia marahaba, afanyeje. Lakini akirudi ndani ananiuliza, mwanangu, jina nililokupa lilikuwa na ubaya gani?"

Nilisema kitu. Nadhani nilisema pole.

Akauliza kama namjua aliyelianzisha. Hakuuliza kwa ugomvi. Anasema angependa tu kumweleza siku ile ilivyokuwa, maana mtu wa maneno makali namna hiyo lazima ana akili, na mwenye akili akielezwa huelewa. Umeme yeye ameshaelezwa, wamekaa, wamelia, wameyamaliza. Wengine hawampi nafasi.

Nikamwambia: "Ni mimi."

Sijui ilitokaje. Nilitaka kusema huenda, ikatoka hiyo.

Alinitazama. Kisha akatazama viti, televisheni, mashine. "Wewe ni shemeji yake meneja, sivyo?" Nikaitikia kwa kichwa. Akavuta kiti cha Mwalimu, akakaa, akaweka kofia juu ya goti.

"Basi wewe unajua tayari niliambiwa nini masikioni."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Jumapili."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayehesabu mlima umebaki kiasi gani. Kisha akauliza, haya, stika nitamkatia? Asubiri?

Nikaweka plastiki kwenye mashine. Majina matatu. Sasa kisu kinakata herufi ya nne, naye amekaa ananitazama nikiandika, labda anadhani ni hesabu za duka. Simu yangu iko kati yetu juu ya kaunta. Ujumbe wa Shemeji uko wazi, nilikuwa nasoma tahajia.

Ameinuka. Amekuja kaunta kuona herufi zinavyotoka. Anauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama orodha ya timu imeshaletwa, na yeye mwaka huu amepangwa wa ngapi.