Ulivyotufundisha Kusema Yanayouma

Mpendwa Baba,

Asubuhi hizi ukungu wa hapa kwetu Waithaka huchelewa kuondoka. Hulala juu ya nyasi za ng'ombe nyuma ya nyumba, nami nikichungulia dirishani huwa nakuona ukitoka ndani yake, koti begani, vidole vyeusi kwa wino wa ile mashine ya kuchapisha kule mjini, River Road. Kisha jua linachomoza, nawe unayeyuka polepole.

Ulikuwa na kigugumizi. Neno lilikwama kooni, ukafumba macho, nasi tukangoja. Labda ndiyo maana hukupenda maneno yatupwe ovyo. Mimi na kaka yangu Njoroge tulipogombana, ulituketisha kwenye ngazi ya jikoni, tutazamane.

"Usimwambie a-alivyo," ulisema. "Mwambie ulivyoumia. Halafu umsikilize."

Tuliichukia ngazi ile! Lakini mara nyingi tuliinuka tukicheka, hata tumesahau ugomvi ulianzia wapi.

Njoroge alipokuwa darasa la saba, ulichaguliwa kuwashukuru walimu siku ya wazazi. Jioni moja tulikuwa tunakunywa chai, yeye hajagusa yake.

"Baba, naomba kukuambia kitu. Si kwa ubaya."

"Se-sema."

"Ukiongea shuleni, wenzangu hukuiga. Wananicheka. Naona aibu. Halafu najisikia vibaya juu ya hiyo aibu."

Mama aliacha kukoroga mboga. Uliweka kikombe chini.

"Imeniuma," ulisema. "Lakini a-asante. Umeniambia vizuri. Sasa ungependa tufanye nini?"

Njoroge alianza kulia. "Sijui, Baba. Lakini sitaki usikuje."

"Basi nitakuja. Na wewe utasimama na mimi."

Siku hiyo naikumbuka kama niliyoiota. Uwanja wa kijani kibichi, wazazi kwenye viti vya plastiki, wewe na suti yako ya kahawia, Njoroge kando yako ameshika mkono wa koti. Ulifika kwenye neno "walimu", likakataa kutoka. Kuna aliyecheka. Mwalimu mmoja, kwa nia njema, akataka kukumalizia.

"Mwalimu, tafadhali," Njoroge akasema, kwa sauti ndogo, ya heshima. "Mngoje. Atafika."

Uwanja mzima ukangoja. Upepo ulipita kwenye miti ya uani, na hakuna aliyejikuna. Kisha neno likaja, na makofi niliyoyasikia sijawahi kuyasikia tena popote. Mkirudi nyumbani mlitembea mbele yetu, wewe na Njoroge, na Mama akaniambia tuwaache hivyo hivyo.

Tangu utuache, Baba, nimekuwa nikiishi kama mtu aliye chini ya maji. Napika, nafua, naenda kazini, lakini sauti za watu zinanifikia kwa mbali. Wiki iliyopita nilikuwa naosha vyombo wakati binti yangu Wairimu alipokuja kusimama karibu nami.

"Mami, nikikuambia kitu hutakasirika?"

"Niambie."

"Siku hizi unanyamaza sana. Nafikiri ni mimi nimekukosea."

Nilikaa sakafuni, mikono ikitiririka maji. "Hujanikosea, mama. Ni vile ninamkumbuka babu yako, Guka."

Alifikiri, kisha akaketi mapajani mwangu, mkubwa hivyo. "Si ungesema tu? Hata mimi namkumbuka. Nilikuwa naogopa kukutajia, usilie."

Basi tulilia, mimi na yeye, tena kwa sauti. Baadaye alitaka nimweleze jinsi ulivyokuwa ulipokuwa mdogo, nikagundua sijui mengi, tukampigia Njoroge simu kumuuliza. Tangu siku hiyo jina lako linatajwa mezani kama la mtu aliyetoka kidogo tu.

Lala salama, Baba. Hapa nyumbani tunaongea.

Binti yako