Lenzi Isiyobisha Hodi

Gongoni,
Jumapili, baada ya alasiri.

Kwa kaka yangu Mahir,

Assalaam aleikum, na shikamoo yangu ikutangulie. Natumaini barua hii itakukuta mzima, kifua kimepoa, na kazi ya stoo hapo hotelini Kikambala haikuchoshi kupita kiasi. Ukituuliza sisi, Mama hajambo ila miguu, mkeo Sumeiya hajambo, na binti yenu Mwanabibi ameota jino la pili na anauma kila kinachopita. Mimi mwili hauna neno. Yaliyobaki utayasoma, na nakuomba uyasome mpaka mwisho kabla hujaichana. Namba yako mpya hukunipa, nami sikulaumu. Ndiyo maana nimempa barua Mwambire, anayeleta samaki huko hotelini kwenu, akukabidhi mkono kwa mkono.

Mama alinipa agizo lako la picha ya mtoto. Nimejaribu, kaka. Lenzi yangu hii haioni kitu kilicho karibu kuliko mita nne na nusu, na chumba cha Mama unakijua. Nilitoka uani, nikarudi kinyumenyume mpaka ua wa jirani ukanichoma mgongoni, na bado niliambulia sikio na kipande cha khanga. Zile lenzi ndogo niliziuza zamani. Simu ya Sumeiya ingetosha, lakini sikuwa na uso wa kumwomba, na sababu yake utaiona huko mbele.

Unakumbuka siku tuliyokwenda Barani kwa Thuku, yule mzee wa studio aliyenifunza kazi ya picha? Mama alishikilia uje nami, maana mimi, alisema, nikiona kitu kinang'aa akili huhama. Thuku alitandika kitambaa mezani akaziweka lenzi tatu kama sonara. Ya kwanza ilikuwa ya kuvuta na kurudisha, milimita mia moja na hamsini hadi mia sita, nyepesi kiasi, ila tundu lake la mwanga dogo na jua likishashuka inalalamika. Ya pili, mia nne, tundu kubwa, nzuri kwa mpira wa jioni: mchezaji akiruka unamkamata hewani na jasho lake. Ya tatu ilikuwa mia sita kamili, haivuti wala hairudishi, ndefu kama mchi na nzito kama mtoto wa mwaka. Thuku alinionya kwamba hiyo si ya mtu mwenye papara, kwa kuwa jambo likikusogelea huna njia ya kulipatia nafasi. Lakini alisema pia kwamba inafuta kila kilicho nyuma ya ndege, anabaki ndege peke yake. Neno hilo ndilo nililolisikia.

Wewe uliishika ile ya kwanza ukasema nichukue hiyo, kwa sababu itanilazimu kusogea. Ulisema mpiga picha ni mgeni, na mgeni hubisha hodi. Ukimpiga mtu picha kutoka mahali ambapo salamu yako haimfikii, ulisema, hujampiga picha, umemchungulia. Nilicheka mbele ya mzee wa watu. Nikasema ndege hawaitikii hodi. Wiki ile ile niliuza pikipiki nikaichukua ya tatu.

Miezi minne nilikuwa mfalme, usinikatalie. Cheti cha kuingia kwenye mabwawa ya chumvi ulinitafutia wewe, wakati ule karani wa ofisi ya kampuni ya chumvi, ukaniambia nisikuaibishe. Nilikuwa nalala kifudifudi juu ya tuta alfajiri, heroe wamejipanga majini na miguu yao myembamba, waridi tupu, na hakuna hata mmoja aliyegeuza shingo kunitazama. Sitakudanganya kwamba sikuwa na furaha. Niliwaonea huruma wapiga picha wote wanaolazimika kuamkia watu.

Kisha yakaja yaliyokuja. Karisa na wenzake wawili wa mabwawani wakafukuzwa kazi kwa kuvua mwatiko kwenye bwawa la kampuni. Samaki wale huingia wenyewe na maji ya bahari, na tangu tuzaliwe watu wa Gongoni huwavua kimyakimya, wakubwa hawaoni na sisi hatusemi. Barua za kuwafukuza zilikuwa na mwandiko wako na sahihi yako, kwa kuwa karani ndiye anayeandika. Ikatosha. Watu wakaamua aliyeandika ndiye aliyewachongea. Niliwasikia kwa masikio yangu pale dukani wakisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nikalipia sukari yangu nikaondoka.

Siku ya akika ya Mwanabibi sitaieleza, maana ulikuwepo. Ila nataka ujue naiona kila siku: sufuria tatu za pilau, mikeka imetandikwa mpaka barabarani, na aliyekuja ni mwalimu wa chuo cha Kurani peke yake, akasoma dua, akala vijiko viwili kwa heshima ya Mama, akakumbuka ana safari. Watu tuliowazika wazee wao! Watu waliokula harusi yako siku mbili! Mpaka alasiri Sumeiya akiwafukuza nzi, na wewe umesimama mlangoni umevaa kanzu mpya, unamwitikia kila apitaye na kila apitaye anatazama chini. Jioni tukapakia chakula tukawapelekea wasafiri wa basi la Garsen wasiotujua jina. Wiki iliyofuata ukaacha kazi ukaenda zako. Nilikasirika nawe, kaka. Niliwaza kwa nini mtu asiye na hatia asijitetee, na hasira hiyo ilinifaa sana, kwa kuwa ilinipa la kufanya.

Jumatano iliyopita Sumeiya alikuwa akitafuta kadi ya kliniki kwenye mkoba wako wa makaratasi. Akatoa picha moja, akaiweka mbele yangu mezani, akaenda kufua. Nyuma ya picha kuna muhuri wangu.

Kwa hiyo ulijua. Uliijua siku ulipoandika barua zile, maana picha ilikuwa ndani ya faili, ukaichomoa ukaificha, na ulijua siku ya akika, umesimama pale mlangoni, nami nikipita mbele yako nimebeba sinia.

Sasa nisikilize nikwambie mwenyewe, kwa sababu kulijua jambo na kuambiwa na aliyelitenda si mamoja. Kampuni ilitaka picha ya kalenda. Asubuhi ile nilikuwa nimelibana tundu la lenzi ili safu nzima ya heroe ionekane wazi, na nikasahau kwamba ukilibana halifuti tena nyuma. Kwenye kioo cha kamera jua lilikuwa linanipiga, nikaona ndege tu. Meneja akaniita nimpelekee picha kubwa. Nikadhani ameipenda. Akaweka kidole juu ya vichwa vitatu nyuma ya ndege, na wavu katikati yao. Walikuwa mbali sana nami, lakini lenzi hii humleta wa mbali akasimama begani mwa wa karibu.

Mpaka hapo ni ajali, na ningekuwa nimeishia hapo ningelala. Lakini aliniuliza yule mwenye kofia nyekundu ni nani. Cheti changu cha kuingia kilikuwa juu ya meza yake, kimekwisha muda, kinangoja sahihi. Nikamwambia ni Karisa. Akauliza na wale wengine. Nikamtajia. Akatia sahihi cheti changu, akanishukuru, nami nikasema asante.

Jana nilikwenda kwa Karisa. Siku hizi anachonga mawe machimboni, mikono imepasuka. Nilibisha hodi, mkewe Kanze akanitolea kigoda. Nikamweleza yote, bila kupunguza. Karisa akaniuliza nilikuwa nimelala upande gani wa bwawa asubuhi ile. Nikamwonyesha kwa mkono. Akafikiri, kisha akasema hakuniona, na kwamba angeniona angenipungia nikachukue samaki wawili nimpelekee Mama. Kanze akangoja nisimame, akakichukua kigoda akakirudisha ndani.

Mama nilimwambia usiku uo huo. Hakulia. Aliuliza tu siku ya akika tulialika nyumba ngapi, nikamwambia ishirini. Akasema pilau itapikwa tena siku utakayokuja, na safari hii mwalikaji ni mimi, kwa miguu, mlango kwa mlango, na kabla sijatamka neno la karamu nitamke kwanza nani aliyewataja watu wale. Tangu asubuhi nimebisha milango minane. Mitano iliitika. Bi Rufaida alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza nilikuwa nangoja nini mpaka mtoto akaota meno.

Picha ya binti yako basi sikutumii. Njoo umwone mwenyewe. Sikuombi radhi kwa barua, maana hiyo nayo ingekuwa kukupiga picha kutoka mbali. Mama anakupa mkono wa dua, Sumeiya anakusalimu na kusema shuka zako zimefuliwa. Nisalimie na wenzako wa stoo, hata kama hawanijui.

Nimebakiza milango kumi na miwili hapa Gongoni, na wako.

Hodi, kaka.

Mdogo wako,
Amjad