Jibu Nililompa Daktari wa St. Louis

Pittsburgh,
Jumanne, wiki ya pili ya Februari

Baba yangu mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima na kwa upendo, nikitumaini barua hii itakukuta salama, goti lako limekupa nafuu na baridi ya huko Gary imekuonea huruma kidogo mwaka huu. Shangazi Verdell hajambo? Mwambie ile keki ya limau aliyotuma Krismasi ililiwa mpaka makombo, na Renita bado anasubiri kufundishwa namna ya kuipika. Renita na wasichana wetu wanakusalimu sana. Mimi pia ni mzima, isipokuwa kwa jambo moja, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Najua umenipigia simu mara tisa tangu Jumamosi. Sikupokea kwa makusudi, na usimlaumu Renita, kwani yeye alinisihi nipokee. Kwa simu wewe hunishinda, Baba. Nikianza sentensi unaimalizia, kisha unanipongeza kwa maneno ambayo sikuyasema. Ndiyo maana nakuandikia. Nimelipia ifike kesho mkononi mwako, na mleta barua atataka saini yako. Tafadhali isome mpaka mwisho kabla hujanipigia mara ya kumi.

Mwanzo wa habari unaujua. Alhamisi iliyopita ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya timu za mpira wa kikapu kubadilishana wachezaji, na dirisha lilikuwa linafungwa saa tisa alasiri. Saa nane na nusu nilikuwa nimekaa kwenye chumba cha matibabu cha klabu, mguu wa kushoto umo kwenye ndoo ya barafu, simu ikalia. Alikuwa Brent Haskell, meneja wetu mkuu. Ofisi yake iko ghorofa mbili tu juu ya ile ndoo, lakini aliona apige simu. Alinishukuru kwa miaka saba, akaniita mtu wa familia, akasema nimepelekwa St. Louis na ndege ni saa kumi na mbili jioni. Mazungumzo yote yalichukua dakika nne; najua, maana nilikuwa natazama saa ya kupimia muda wa barafu. Mimi nilibadilishwa na mchezaji mrefu wa miaka ishirini na mbili, pamoja na haki ya kuchagua chipukizi mmoja baada ya miaka minne. Yaani nusu ya bei yangu ni mtu ambaye hajulikani, na ambaye leo pengine yuko darasani anapaka dawa ya chunusi. Nilicheka peke yangu pale kwenye barafu. Baadaye nilikasirika, na hasira hiyo haijanitoka.

Sheria yetu unaikumbuka: kubadilishwa hakukamiliki mpaka timu mpya ikupime afya, na vipimo hufanyika baada ya dirisha kufungwa. Ukifeli, kila mtu anarudi alikotoka, na klabu yako haiwezi kukupeleka kokote tena mpaka msimu uishe. Wakala wangu, Gil Farber, alinipigia nikiwa uwanja wa ndege kunipa mawaidha. Alisema nijibu ninachoulizwa tu, nisiongeze hata neno, nitabasamu, nisaini, nivae jezi. Nilipomuuliza vipi kuhusu mguu, aliniuliza mguu gani, kaka, mbona mimi sijasikia habari za mguu wowote.

Ijumaa nikapimwa. Jumamosi asubuhi St. Louis wakatangaza kwamba nimefeli na makubaliano yamevunjika. Jumapili nikarudi hapa Pittsburgh, kwenye chumba cha kubadilishia nguo cha watu waliokwisha kuniaga. Ijumaa jioni, kabla ya mechi, walikuwa wameonyesha uwanjani filamu yangu ya kuagwa, yenye piano ya huzuni, na watu elfu kumi na nane wakasimama kunipigia makofi nami sipo. Nimeitazama. Si wengi wanaopata kuona mazishi yao wenyewe na kukuta yamependeza hivyo. Vijana wa timu walinipokea kwa kejeli zao, mmoja akidai kwamba alishanililia na sasa anataka machozi yake yarudishwe. Kabati langu lilikuwa tupu na kibao cha jina kimeng'olewa. Lakini mzee Stan Duda, mtunza jezi wetu, alikitoa kibao mfukoni mwa koti lake, akakirudisha mahali pake, akasema hakuwa na haraka ya kukitupa. Hapo ndipo machozi yaliponilengalenga.

Haskell aliniita siku hiyohiyo, na safari hii alinipandisha ofisini. Alitaka niseme mbele ya waandishi kwamba mguu wangu hauna neno, kwamba St. Louis walijutia makubaliano wakatafuta kisingizio. Gil naye alikuwa pembeni akitikisa kichwa kuunga mkono. Alinikumbusha kwamba mkataba wangu unakwisha Juni, kwamba nina miaka thelathini na mbili, na kwamba hakuna klabu itakayomsajili mtu mwenye mguu mbovu. Niliwajibu kwamba nitazungumza Alhamisi, na nitasema nitakachoona mimi kinafaa. Haskell aliniuliza kama najua ninazungumza na nani. Nikamwambia najua sana, nazungumza na mtu asiyeweza kuniuza mpaka kiangazi. Sijawahi kufurahia sentensi kama nilivyofurahia ile.

Sasa nije kwako, Baba. Jana asubuhi Renita aliniwekea redio ya Gary kwenye simu yake. Nikakusikia. Sauti yako ilikuwa imejaa, kama zamani ukiwa pembeni ya uwanja wa shule. Ulisema yule mwanamke aliyenipima St. Louis ni daktari wa farasi. Ulisema amelipwa. Ulisema mguu wa Lamont umesimama imara kama nguzo ya daraja, na kama ungekuwa na ufa wewe ungekuwa wa kwanza kuujua, kwa kuwa mimi sijawahi kukuficha kitu. Mtangazaji akasema amina. Naambiwa kwa kinyozi wako hawazungumzi kingine, na kwamba tangu Jumamosi yule daktari anaandikiwa matusi na watu wa miji miwili.

Jina lake ni Marjorie Stolz. Ni mama wa makamo, mikono yake ina baridi, na huomba radhi kabla ya kukugusa. Hakuniharibia chochote. Picha ya kwanza ya mguu wangu ilitoka safi kabisa. Moyo, magoti, mgongo, vyote safi. Alikuwa ameshashika kalamu kunipitisha.

Kilichobaki ni ile karatasi wanayokupa ujaze mwenyewe. Kulikuwa na swali kama kuna mtu wa familia aliyepasuliwa mifupa. Nikaandika baba, goti la kulia, mara tatu. Nikataka kuandika na sababu, na kalamu ikagoma. Sababu naijua tangu nina miaka minane. Mwaka 1978 ulikwenda kwenye majaribio ya wachezaji wa kulipwa ukiwa na kifuniko cha goti kilichopasuka, wakakuuliza kama unaumia, ukasema hapana. Ulikimbia siku tatu juu ya mfupa uliopasuka. Siku ya nne wakakuondoa kwa sababu walikuwa na mwingine mrefu zaidi. Wewe hutusimulia kisa hicho kila Siku ya Shukrani, kila mtu akiwa ameshiba, na sote tunapiga meza kwa fahari. Nilipokuwa na ile kalamu mkononi nikaona kitu ambacho sijawahi kukiona kwenye kisa chako. Hawakuwahi kujua. Ulivunja goti lako kwa ajili ya watu ambao mpaka leo hawajui kwamba walikuwa na deni la kukuambia pole.

Daktari Stolz alibonyeza juu ya mguu wa kushoto, palepale katikati, akaniuliza kama naumia. Mimi nilifundishwa jibu la swali hilo kabla sijajua kufunga kamba za viatu. Nikamwambia ndiyo. Nikamwambia naumia hapo tangu Novemba, na kabla ya kila mechi ya nyumbani nachomwa sindano ya ganzi, na asubuhi nashuka ngazi kwa makalio ili wasichana wasinione nikichechemea. Akaagiza nipigwe picha nyingine kwenye mashine kubwa. Ufa upo, Baba. Umekwenda karibu nusu ya mfupa. Alisema kama ningecheza msimu huu mpaka mwisho ungekatika kabisa, na hapo asingeniahidi hata kutembea vizuri.

Basi hakuna aliyeniangusha kwenye vipimo. Nilijiangusha mwenyewe, kwa kusema kweli, na nimeshakuvunjia neno lako moja ulilonisisitizia kuliko yote. Siombi msamaha. Nilijaribu kuuandika hapa mara mbili nikaufuta, kwa kuwa ungekuwa uongo, na uongo wa mguu huu umenichosha.

Alhamisi nitasema haya yote mbele ya waandishi, na jina la daktari nitalitaja kwa heshima. Sikutaka uyasikie kwenye televisheni ya kinyozi. Una siku moja ya kuwapigia wale wa redio uwaambie ulikosea kuhusu yule mama. Ukikataa, nitakusahihisha mimi, na nitafanya hivyo nikikupenda. Ijumaa wananipasua na kunitia skrubu mbili. Huenda nitacheza tena na huenda nisicheze. Gil hapokei simu zangu, kwa hiyo unaweza kukisia yeye anaonaje.

Pasaka tutakuja Gary sote wanne. Mwambie Shangazi Verdell atukaangie kambare, na anyunyize chumvi kwenye ngazi za mbele kama barafu haijayeyuka, maana nitakuwa na magongo na wewe una mkongojo wako, na sitaki majirani watuone tunavyopandishana. Nisalimie wazee wote wa kanisani, na huyo kinyozi pia.

Nikifika mlangoni niulize kama naumia. Nitakujibu. Kisha nitakuuliza wewe kuhusu goti lako, na nitasimama hapohapo kwenye baridi mpaka unijibu.

Ni mimi mwanao akupendaye,

Lamont Pruitt