Mamba Aliyetafuta Viatu Hana Funzo

Mama Henriette, nakuandikia kutoka hapa Kikula kwa sababu nyumbani kwangu hakuna tena wa kunisikiliza. Wifi yangu Clotilde, mdogo wa bwana yangu Lambert, alizika mtoto wake aliyekufa kwa surua, na tangu mazishi alikuwa akitazama ukuta tu, hali, hasemi, tukimwombea anafunga macho, mpaka mchana mmoja nimekaa naye nikaanza kumsimulia hadithi iliyonijia kichwani palepale, ya mamba aliyekuja Likasi kununua viatu, muuzaji akamwuliza anavaa namba ngapi, mamba akajibu, "Sijui, wote waliokuja kunipima hawakurudi," na alipoletewa jozi moja akashangaa, "Na miguu ya nyuma itembee peku?"

Mama, Clotilde alicheka! Alicheka mpaka akashika ubavu, halafu akaniita kwa jina la mwanangu, "Mama Ricky, miye niko na njaa, unipatie bukari," nami nikakimbia jikoni kusonga ugali huku nalia.

Lambert alikuwa mlangoni. Yeye ni mwalimu na mzee wa kanisa, mshahara hauji lakini hajaacha kufundisha, hata watu waliokaa kula anawafundisha, akaingia akauliza, "Na leçon ni nini?" Nikamwambia hakuna funzo, ni mamba tu. Akakasirika. "Hadisi haiwezi kukosa leçon! Musikilize: mamba ni kifo. Kinaingia mujini, hakuna muntu anajua kipimo chake."

Clotilde alikuwa na tonge mkononi. Akalirudisha kwenye sahani, akageukia ukuta.

Tangu hapo anadonoa tu, na ananiomba nimrudilie hadithi, "ile ya mamba, si ya kaka," lakini Lambert amenikataza mpaka niipatie maana inayojenga, na pasteri wetu naye amesema Jumapili nisimame mbele ya watu nieleze funzo lake, ama nitubu kwa kueneza upuuzi. Nimetafuta, Mama, nimeipekua yote, sioni kitu chini yake. Je, ni hadithi mbaya? Nibuni funzo ili nyumba yangu itulie?

Germaine, Kikula

JIBU

Germaine, nikugombeze kwanza. Mume wako amegeuza mamba kuwa kifo mbele ya mama aliyetoka makaburini, weye ukanyamaza, halafu unaniuliza kama hadithi ndiyo mbaya!

Pole lakini. Kuishi na mtu wa namna hiyo kunachosha. Lambert ni mmoja wa wale ambao wakicheka wanajiona wameibiwa mpaka wapewe risiti. Akipewa hadithi anaipindua kichwa chini na kuitikisa, kidondoke kitu cha kuandika ubaoni. Kisipodondoka, anatoa chake mfukoni na kudai amekiokota humo. Na pasteri anamshika mkono! Wanaume wawili wazima wamemkalia mamba mmoja shingoni.

Hadithi zenye mafunzo nazipenda, funzo likiwa limezaliwa humo ndani. Yako haina, na ni nzuri. Ni nzuri kwa sababu muuzaji anauliza kama wauzaji wetu, mamba anajibu kama mamba, na hakuna neno la kuondoa. Jaribu kumwambia Lambert atunge moja kama hiyo uone jasho. Wapo na wapole watakaokunong'oneza kwamba funzo lake ni kwamba kicheko huponya. Usiwakubali hata hao. Ilikuwa nzuri kabla Clotilde hajafungua mdomo.

Sasa fanya hivi. Leo hii pika bukari na sombe ya majani ya muhogo, ingia kwa wifi yako, simulia. Akitaka uongeze, mpeleke mamba duka lingine. Lambert akitaka kusikiliza, kwanza amwombe dada yake msamaha, kwa maneno machache, bila mifano. Kisha akae na afunge mdomo. Hataki? Abaki uani na leçon zake. Na kama Clotilde hatakula hata hivyo, mpeleke kwa daktari bila kuchelewa, maana hukutunga dawa, ulitunga hadithi.

Jumapili usiikimbie. Jina lako likiitwa simama, sema, "Haina funzo, pasteri," kisha ukae. Usiongeze hata neno moja. Ukiongeza, watalifanya mahubiri.