Siku Nilipoliliwa Nikiwa Mzima

Jumatatu, 1 Septemba
Nimelala maiti tena leo, kabla ya kukaa kwenye cherehani. Mkeka sebuleni, mikono ubavuni, kitenge usoni kuzuia mwanga. Unajifanya umekufa, unasikiliza pumzi mpaka kichwa kinatulia. Ukiitwa, huitiki. Ndilo sharti.
Aliyenifundisha ni Madame Lan, yule Mvietnamu wa mtaa wa Kinindo ninayemshonea mapazia. Ni mambo ya dini yake ya Budha, ingawa anakiri kwamba watawa wa kwao wangemcheka. Wao hukaa wima. Yeye magoti yanamuuma, akaamua kulala. Nilimpenda papo hapo.

Jumatano, 3 Septemba
Usingizi mzuri. Tangu mume wangu afariki nilikuwa naogopa kitanda, naogopa kifo, hata mlango ukigongwa nashtuka. Sasa asubuhi nakufa kidogo, jioni nakula sahani imejaa. Leo nimecheka peke yangu jikoni.
Rafiki zangu sijawaambia. Zaina atataka kujua kila kitu. Goreti atanipeleka kwa padri.

Alhamisi, 4 Septemba
Mungu wangu. Nimeliliwa.
Zaina alileta vitambaa vya arusi ya binti yake, nimshonee. Akaita nje. Sikuitika. Akaingia, akanikuta nimenyooka, uso umefunikwa. Ukelele huo! Goreti akavuka barabara mbio, taulo kichwani. Na mtaani kwetu Ngagara tunavyojuana: hakuna aliyenigusa bado, lakini viti vya plastiki vilishaanza kuingia uani, kabare, ile baa ya jirani, imezima muziki, mtu anaulizia kuni za moto wa matanga.
Nilitaka kuamka. Kweli nilitaka. Lakini Zaina alikuwa analia kwa maneno: «Consolate, dada yangu, mwaka ile ya risasi ulinificha mu nyumba yako, hukuniuliza mi ni wa upande ya nani.» Miaka yote hii hajawahi kulitaja. Nikataka kusikia zaidi. Ndipo Goreti naye akaanza: nimsamehe, ni yeye aliyewaambia wanakwaya kwamba naimba kama bata.
Hapo nikashindwa. Nikacheka, kitenge kikatikisika. Jirani aliyebeba viti akavitupa, akatoka mbio. Viwili vimevunjika. Ikabidi niwaeleze yote, mkeka na Budha.

Jumapili, 7 Septemba
Misa. Goreti amehama benchi letu. Kwaya nzima inanitazama kama mtu aliyerudi na kitu kutoka huko. Wanasema nimeingia dini ya mashetani. Nilisimama nje ya kanisa kuwaeleza Budha ni nani. Nilipomaliza, nilikuwa nimebaki peke yangu.
Nimekasirika sana. Bata ni yeye.

Ijumaa, 12 Septemba
Kwa Zaina, kuomba radhi. Hakunikaribisha kuketi. Zaina, ambaye hata mpita njia humpa kiti! Alisema akiwa amesimama mlangoni: «Mi nilikulilia kweli, na we unasikiliza tu? Acha ile mambo ya kufa-kufa. Ukikataa, apana kuja ku arusi ya mutoto yangu.»
Mtoto huyo nimembeba mgongoni mimi.
Nilimwambia kosa langu nalijua: kukaa kimya huku analia. Hilo nimelitubu. Kulala kwenyewe sitaacha. Nikiacha narudi kwenye hofu yangu, na kule sirudi. Akafunga mlango. Nimetembea mpaka nyumbani bila kumsalimia mtu, watu watasema nimekufa tena.

Jumanne, 16 Septemba
Mapazia ya Kinindo. Nilimsimulia Madame Lan yote. Alicheka mpaka akashika ukuta. Nikangoja ushauri wa Budha. Akasema: mlango, ufunge kwa ufunguo.

Jumamosi, 20 Septemba
Vitambaa vya Zaina viko hapa bado. Nimeshona. Ningefanya nini? Gauni limetoka zuri kupita kiasi, kiuno kimekaa, mikono inameremeta. Nimelipeleka dukani kwa mumewe. Amelipokea kwa adabu.

Jumamosi, 27 Septemba
Arusi. Honi za magari tangu mchana. Nililala maiti ili nisisikie, nikasikia kila moja. Nimelia. Kisha nimekaanga ndagala, dagaa wetu wa ziwani, nimekula za watu wawili. Zilikuwa tamu, siwezi kukataa.
Goreti alipita dirishani amependeza, hakugeuka. Huyo amekwenda, kwangu harudi tena. Nimeona leo kwamba amekwenda, na kwamba nitaishi.

Jumapili, 28 Septemba
Mlango sikuufunga. Nilikuwa mkekani nikasikia nyayo. Hakuita. Hina ilinukia, nikajua ni Zaina. Akainua kitenge, akasogeza shavu puani kwangu kuhakikisha napumua, akakirudisha taratibu. Halafu akavua viatu akalala kando yangu, anagumia, miguu imemvimba kwa kusimama jana.
 Baadaye akasema, macho darini: «Siku utakufa ya kweli, mi sina kitu ya kusema tena. Yote umeshaisikia.»
Nikamwambia basi, imetosha. Nilicheka huku machozi yananiingia masikioni, naye akacheka, tumbo likamruka.
Akasinzia katikati ya cheko. Nimemfunika miguu kwa kitenge, nimekaa pembeni yake na kumfukuzia nzi mpaka adhana ya alasiri.